Huyu Si Wangu

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana mama ameniandikia kwamba mgongo umeanza tena na wewe husikii la mtu. Mimi ni mzima. Chumba nilichopata ni kidogo lakini kina dirisha, na mama mwenye nyumba hana maneno mengi ilimradi maji ya bomba nisiyamalize kabla hajaamka.

Kazini najitahidi. Bado niko kwenye majaribio, na karani wa majaribio huku kwetu hutembea kama aliyebeba trei ya mayai. Nikimaliza kuchapa ukurasa nausoma mara mbili, nikirudi nyumbani nauota. Mkuu wetu wa kitengo si mkali. Ni mtu aliyechoka, na nimegundua kwamba bosi aliyechoka anatisha zaidi, kwa kuwa mkali angalau unajua atalipuka lini.

Nina swali dogo. Kitengo chetu kinalinganisha miji: mji una viwanda vya namna gani, vingi au kimoja, vinavyofanana au mchanganyiko, halafu tunatazama mtu mmoja wa kazi katika mji huo anatoa mali kiasi gani kwa mwaka, na kiasi hicho kinapanda au kinashuka. Mtaa wenu wa makufuli umo. Makufuli yanayotoka hapo yameongezeka miaka miwili mfululizo. Lakini ukiyagawa kwa idadi ya mafundi, kila fundi anaonekana kutengeneza machache kuliko zamani. Nimepiga hesabu upya nikidhani nimekosea. Sikukosea. Je, Mjomba, mafundi wamekuwa wavivu? Au mmechukua wanafunzi wengi? Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Mama mpe mkono wangu. Na msalimie Mzee Kwajirani, mwambie bado nashika tupa vibaya kama alivyonifundisha.

Mpwa wako.


27 Februari

Binti wa dada yangu,

Marahaba. Mgongo upo, haujaenda popote. Mama yako naye yupo: siku hizi anauza chai mlangoni pa karakana yangu, anadai ananisaidia kuvuta wateja, ukweli ananichunga nisibebe vitu vizito. Wateja wa chai wamekuwa wengi kuliko wa springi zangu za makufuli.

Wavivu! Nilifanya kosa la kuisoma sentensi hiyo kwa sauti. Mkata funguo akasema, "Mwambie aje ashike tupa siku moja, atuoneshe uvivu unavyofanywa." Mama yako akakutetea, akasema umesoma mno, haikuwa kusudi. Kwajirani akasema, "Kwa jirani, mtoto akiuliza hivyo anachapwa."

Huyo hajambo, na hajabadilika. Unajua karakana yake iliungua wewe ukiwa bado unanyonya, na tangu hapo hana benchi lake, kwa hiyo yote ni yake. Wiki hii yuko kwangu kwenye springi, ijayo atakuwa kwa anayesubu miili ya makufuli kwa shaba, kisha kwa mtengeneza bawaba, kisha kwa wakata funguo. Kila mwenye kazi nyingi anampa kijisehemu, na kila anapokaa anakula, anakunywa, na kukuambia kwamba kwa jirani wanafanya vizuri zaidi. Mwezi uliopita alinipandisha hasira. Nilikuwa napoza springi kwenye maji, kama baba yangu alivyopoza. Akasema, "Kwa jirani wa bawaba wanapoza kwenye mafuta." Nikamwambia ahamie huko moja kwa moja, wamuoe. Jumatatu yake nikajaribu mafuta. Springi hazikatiki tena. Sijamwambia, atavimba kichwa.

Kuhusu wingi wa mafundi, mbona jibu unalo? Mtu wenu wa takwimu alipokuja mara ya mwisho, aliingia kila karakana akamwuliza mwenyewe, "Hawa wote ni wako?" Sasa utajibuje? Umesahau mtaani kwetu mtu anafukuzwaje? Hakuna barua wala kelele. Unasema mbele ya mgeni, "Huyu si wangu," basi, mtu anakusanya vifaa vyake. Nani angemfanyia hivyo fundi wa mwenzake aliyekuja kumsaidia? Kila mmoja akajibu ndiyo, wote wangu. Na kazi inapokuwa nyingi ndipo tunapoazimana watu zaidi. Kwajirani alihesabiwa kwangu, akahesabiwa kwenye shaba, akahesabiwa kwenye bawaba, na kwa wakata funguo akahesabiwa akiwa na kikombe mkononi. Jioni alikuwa anatamba kwamba yeye peke yake ni kiwanda.

Kula vizuri. Mama yako anasema picha uliyotuma shingo imekuwa kama ya kuku.

Mjomba wako.


15 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nawaombea afya, na mgongo wako nauombea adabu. Shingo yangu iko sawa. Ni kola ya shati iliyokuwa kubwa.

Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama posta. Nilipofika kwenye Kwajirani na kikombe chake nilitafuta mahali pa kukaa.

Kuna jambo sikukuambia. Swali langu halikuwa dogo. Ripoti tunayoandaa ina mapendekezo, na kuhusu mtaa wenu pendekezo ni hili: leseni za karakana zisihuishwe mwaka ujao, eneo lote lipewe kampuni moja, ijenge kiwanda kimoja cha makufuli, na mafundi wanaofaa waombe kazi humo. Sababu iliyoandikwa ni kwamba karakana nyingi ndogo zimetawanya nguvu, na kila mwaka fundi anatoa kidogo zaidi. Ninajua kilichoandikwa kwa sababu ninayekichapa ni mimi.

Wametumia kama mfano mji mmoja wenye kiwanda kimoja cha magunia. Ni kweli, kilipofunguliwa mji ule uliruka juu kama mpira. Lakini nimetazama miaka iliyofuata. Umelala pale pale ulipotua. Hakuna karakana nyingine, hakuna anayeona kazi ya mwingine. Mashine ikishazoeleka, imeshazoeleka. Mtaa wenu ulikuwa ukipanda pole pole kila mwaka bila kusimama, mpaka hesabu hizi mbili za mwisho, ambazo ni za miaka mliyokuwa na kazi nyingi kuliko yote. Sasa naelewa. Kadiri mlivyoazimana watu, ndivyo mlivyoonekana wengi. Na kadiri mlivyoonekana wengi, ndivyo mlivyoonekana wavivu. Kufanya kazi vizuri ndiko kulikowaponza.

Lazima mtu amwambie Mkuu. Mtu huyo ni mimi, hakuna mwingine anayejua. Na nikimwambia ataniuliza nimejuaje, na itabidi niseme nina mjomba hapo, na nimekuwa nikishika faili la ndugu zangu kimya kimya. Niko kwenye majaribio, Mjomba. Jana nilikwenda hadi mlangoni kwake, nikageuka kana kwamba nimesahau kalamu. Kalamu nilikuwa nimeishika.

Tafadhali usimwambie mtu.

Mpwa wako.


9 Aprili

Mpwa wangu,

Huku salama. Mvua zimeanza, bati la karakana linavuja juu ya tanuri, kwa hiyo tuna mvuke bure.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa sikujua nijibu nini. Nimekaa nikawaza, nikaona hivi: wewe nyamaza. Usimwage unga wako kwa ajili yetu. Mimi nimechoka, si uongo. Miaka yote hii sijawahi kuamka nikajua mwezi huu nitapata kiasi gani. Wakijenga kiwanda chao huenda wakanipa kiti mlangoni nikafungulia magari geti. Kazi ya kukaa. Wenzangu nao watajua pa kwenda, ni watu wazima.

Hayo ndiyo maneno yangu. Sasa maneno ya mama yako, kwa maana alinipokonya barua, si mimi niliyemwambia. Amesema, "Nilimsomesha ili aje kuogopa kwa mwandiko mzuri?" Nikamwambia aache kukuonea. Akanijibu, "Na wewe geti gani utafungua na mgongo huo?"

Chagua wa kumsikiliza. Mimi ndiye mkubwa, ila yeye ndiye mwenye sauti.

Kwajirani anakusalimu. Anasema kwa jirani mmoja, ambaye hamtaji, wameanza kuchonga funguo mbili kwa mkupuo mmoja, na kwamba sisi wengine tutakufa tukiwa nyuma.

Mjomba wako.


28 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mama shikamoo, kwa kuwa najua anasoma.

Nimesema.

Niliingia kwa Mkuu asubuhi kabla hajaanza kusaini, nikaanza kueleza nikiwa bado karibu na mlango. Alisikiliza akiwa ameshikilia paji la uso, kama anavyofanya akiumwa kichwa. Nilipofika mwisho akauliza, "Unajuaje yote haya?"

Nikasema, "Mjomba wangu ana karakana hapo, Mkuu. Ya springi."

"Na tangu lini umekuwa ukichapa faili hili?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani?"

Mjomba, sijui nilipata wapi ulimi. Nikasema, "Wewe, Mkuu." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye jino bovu. Akasema hakuna aliyewahi kumwogopa hata nyumbani kwake. Kisha akaacha kucheka. Akasema faili hilo nisiliguse tena, nisiliulize, nisilitazame. Atatuma mkaguzi aende kuhesabu upya, mtu asiye na ndugu upande huo. Hesabu ikitoka tofauti, pendekezo litabadilika. Ikitoka ile ile, litabaki, na mimi itabidi nijieleze kwa maandishi. Nilipotoka, mhudumu wa chai akaniuliza kama nimefiwa.

Sitakiwi kuwaandikia haya. Naandika hivyo hivyo, na nitaipeleka barua mwenyewe posta ya mbali.

Mkaguzi atakuja mwezi ujao. Atauliza vile vile kama zamani, hawezi kubadilisha swali, limechapwa. Kinachoweza kubadilika ni jibu. Kila fundi ahesabiwe mahali pamoja tu, pale lilipo benchi lake mwenyewe. Akiwa amekaa kwa mtu kwa kuazimwa, mwenye karakana aseme si wake. Najua maneno hayo ni mazito mtaani. Lakini mkaguzi hajui uzito wake, kwake ni tarakimu. Wazungukie wenye karakana uwafundishe, wewe wanakuheshimu. Na mafundi waelezwe mapema, mmoja mmoja, ili siku yenyewe asiumie mtu.

Mpwa wako.


24 Mei

Mpwa wangu,

Mkaguzi amekuja na ameondoka. Kijana mstaarabu, alivua viatu mlangoni kwa mama yako hata hakuambiwa. Nilikuwa nimewazungukia wote. Walinibishia, walinitukana, mmoja aliniuliza kama nimeanza kuwehuka, ila siku yenyewe walisema kama ulivyoelekeza. Hakuna aliyekosea.

Mama yako hajambo. Mvua zimepungua. Bati nimeliziba kwa lami.

Sina jingine.

Mjomba wako.


11 Juni

Mjomba wangu, na mama,

Shikamooni nyote. Nimekaa vizuri kwenye kiti ili nisiandike kwa kurukaruka.

Mmepona! Sikuligusa faili, naapa. Mkuu mwenyewe aliniita. Hesabu mpya imeonyesha kwamba fundi wa mtaa wenu anatoa kazi kuliko fundi wa mji wa magunia, na kwamba mmepanda kila mwaka bila kukosa. Alikuwa ameshika karatasi kama mtu aliyeletewa nyama nzuri kuliko aliyoagiza. Pendekezo la kufunga limefutwa. Leseni zitahuishwa, na mtaa umetajwa kwenye ripoti kama mfano wa karakana ndogo nyingi zinazofanya kazi zinazokaribiana bila kuwa kitu kimoja. Mafundi wanaopita kwa wenzao wanabeba ujuzi, ndivyo ilivyoandikwa. Safari hii aliichapa karani mwingine, na amekosea herufi sehemu mbili, lakini nimenyamaza.

Nami nimethibitishwa kazini. Barua ya kuthibitishwa niliisoma nikidhani ni ya mtu mwingine.

Sherehe fanyeni, hata ya chai. Mbona barua yako ya mwisho ilikuwa fupi hivyo? Ni mgongo? Na Kwajirani hakunisalimu safari hii. Amenuna kwa kuwa sasa yeye si kiwanda tena?

Mpwa wako.


3 Julai

Mpwa wangu,

Tumefurahi sana. Mama yako aligawa chai bure asubuhi nzima, kitu ambacho hakijatokea tangu aanze biashara, na watu walikunywa upesi asije akabadili mawazo. Wenye karakana wamenituma nikushukuru. Hongera kwa kuthibitishwa. Sasa anza kula.

Kazi inaendelea. Kila mtu yuko kwake. Siku hizi watu hawaazimani sana. Tangu waseme yale maneno mbele ya mkaguzi, wamekuwa na haya kuombana. Nimesikia kwamba yule wa bawaba amepata namna mpya ya kukunja chuma bila kukipasha moto. Alikuwa ameianza muda mrefu. Nimepata habari juzi tu, kwa mteja.

Mgongo ni ule ule.

Mjomba wako.


21 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mama mwenye nyumba amenipa jirani mpya wa chumba cha pili, ana mtoto analia sana, lakini nimezoea.

Leo nimekula mezani na yule mkaguzi. Hajui kwamba mtaa ule ni wa kwetu, na sikumwambia. Alikuwa anawasimulia wenzake safari zake. Akasema katika kazi yake yote hajawahi kuona kama alivyoona kwenye mtaa mmoja wa makufuli. Kulikuwa na mzee mwenye tupa mkononi, amevaa shati safi. Alimkuta karakana ya kwanza, akauliza, "Na huyu?" Mwenyewe akajibu, "Huyu si wangu." Akaenda ya pili, mzee ametangulia, yuko ndani, anatabasamu. "Na huyu?" "Si wangu." Ya tatu hivyo hivyo. Mpaka mzee akaacha kutabasamu. Mwishoni mkaguzi akamwuliza mwenyewe, "Mzee, wewe ni wa nani hapa?" Akajibu, "Mimi nilikuwa napita tu."

Wenzangu walicheka. Mkaguzi naye alicheka. Akasema hakumwandika popote, maana utamwandika wapi mtu anayepita.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba nikayaacha maji yamwagike.

Mjomba, niliandika kila mtu ahesabiwe pale lilipo benchi lake. Niliandika mimi, kwa mkono wangu. Sikufikiri kwamba kuna mtu asiye nalo, na nilikuwa namjua. Nilimsalimu kwenye barua yangu ya kwanza kabisa.

Na sasa Mkuu anataka niandike aya ya kueleza kwa nini mtaa wenu unapanda na mji wa magunia umelala. Anasema mimi ndiye ninayeuelewa. Nimeanza mara nyingi. Kila nikianza naandika kuhusu mtu ambaye kwenye hesabu hayumo.

Yuko wapi? Nilikuuliza Juni, ukanijibu habari za bawaba.

Mpwa wako.


30 Agosti

Mpwa wangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Mama yako amesema nikiichana tena ataiandika yeye, na yeye hatanihurumia.

Usijilaumu. Wewe uliagiza mafundi waelezwe mapema, mmoja mmoja. Wengine niliwaeleza wote. Yeye nilikuwa namwacha mwisho kwa kuwa sikujua nianzie wapi. Kila nilipokohoa kutaka kuanza alinipa habari za jirani, nikasema kesho. Mpaka ikawa siku yenyewe. Alikuja mapema, na shati lile, akadhani ni mchezo ule ule wa kuhesabiwa kila mahali. Walianza kwangu. Mkaguzi akauliza. Nilikumbuka barua yako, nikawakumbuka watu wa mtaa mzima na watoto wao, nikasema.

Alicheka. Akasema, "Sawa, mimi ni wa pale mbele," akatangulia kwenye shaba. Nao walisema. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, walikuwa wameiva. Kwa wakata funguo naambiwa alisimama mlangoni, hakuingia hadi ndani.

Anakaa kwa binti yake, ng'ambo ya reli. Anaziba ndoo za watu. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza binti alisema amelala. Mara ya pili nilimwona dirishani, na binti alisema amelala. Wenzangu nao wamekwenda, mmoja mmoja, kwa kujificha, kila mtu akidhani ni peke yake. Nimewaza kumwambia kwamba mkaguzi hakujua maana ya maneno yale. Lakini mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua.

Wiki iliyopita alikuja kuchukua jiriwa lake, lile kubwa la kubania chuma alilokuwa analiacha kwangu. Mama yako akampa chai. Akainywa akiwa amesimama. Nikamwambia, "Kaa, Fundi." Akasema ana haraka. Mama yako akajaribu kumchokoza kama zamani: "Haraka ya wapi, mwanamume mwenyewe kazi huna?" Nilitaka ardhi inimeze. Yeye hakukasirika. Alimshukuru kwa chai, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Nilikuwa nimeanika springi mpya kwenye sinia hapo mezani, zimetoka tu kwenye mafuta. Alipokuwa anapita na jiriwa begani akasimama. Akachukua moja, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiachia, akaibonyeza tena karibu na sikio. Akanitazama. Akafungua mdomo. Nilijua maneno yanayokuja, yale ya kwa jirani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilikuwa nayangoja.

Akaufunga. Akairudisha springi mahali pale pale alipoitoa, taratibu, asizivuruge nyingine. Akasema, "Haya, kwaherini," akaenda zake.

Aya ya Mkuu wako andika utakavyoona. Sina la kukusaidia.

Sinia bado liko mezani. Springi zile sijaziuza. Nimezijaribu zote, moja baada ya nyingine, na sioni kasoro.

Mjomba wako.